Mama, Usinyamaze
Mazungumzo na wamama wa kliniki juu ya magonjwa ya zinaa na vijana wetu

Ninyi mliokuja na watoto mgongoni, na ninyi mnaongoja zamu ya kupimwa mimba, karibuni. Tuzungumze kidogo kabla munganga hajaanza kuita majina.

Wengi wenu mlichomwa kidole mlipoanza kliniki ya mimba. Katika ile damu tunatafuta kaswende na virusi vya SIDA, sababu vyote viwili vinaweza kumfikia mtoto angali tumboni. Mlikubali, na mlifanya vizuri. Lakini leo hatuzungumzi juu ya mtoto wa tumboni wala wa mgongoni. Tunazungumza juu ya yule mwingine, wa miaka 13, au 15, au 17, uliyemwacha nyumbani achunge nyumba, au aliye ku masomo. Yeye pia yuko katika hatari, na mara nyingi hakuna mtu anayezungumza naye.

MAGONJWA HAYA NI GANI?

Ni magonjwa yanayopita kutoka mtu hadi mtu kwa njia ya kulala pamoja. Hayatoki kwa mulozi. Hayatoki kwa kuruka mkojo wa mtu njiani, wala kwa kula sahani moja. Yako mengi, lakini jueni haya:

Kisonono, ambacho wengine wanakiita sopisi. Mwanaume anasikia moto wakati wa kukojoa, na usaha unatoka. Mara nyingi alama zinaonekana katika juma la kwanza. Mwanamke mara nyingi hasikii kitu.

Klamidia. Ni ndugu wa kisonono, lakini ni mpole zaidi kwa nje. Wengi wanaishi nayo bila kujua. Ndiyo maana hospitalini tunayatibu yote mawili pamoja.

Kaswende. Kwanza kinatokea kidonda kimoja kisichouma. Baada ya majuma machache kidonda kinapona chenyewe, na mtu anafurahi. Asifurahi! Ugonjwa umeingia ndani ya damu. Baadaye unaweza kuleta vipele, hata kwenye viganja na nyayo, na miaka ikipita unaweza kuharibu moyo na akili. Mama mwenye mimba akiwa nao, mtoto anaweza kufa tumboni au kuzaliwa mgonjwa.

SIDA. Hii mnaijua jina. Mtu anaweza kukaa na virusi miaka mingi, mnene na mwenye nguvu, na bado anavipitisha kwa wengine. Kipimo tu ndicho kinachosema ukweli.

Wengine wanasema SIDA ni ugonjwa wa miji mikubwa, hautuhusu sisi. Wamama, sisi watu wa Kamina tunakaa kwenye njia panda ya reli. Tangu mwaka 1928 gari la moshi linapita hapa kati ya Lubumbashi na Ilebo. Mwaka 2014 wenye elimu waliochunguza virusi hivi waliandika kwamba virusi vya SIDA vilianza kuenea kutoka Kinshasa, vikafika Mbuji-Mayi na Lubumbashi pamoja na wasafiri wa reli, miaka mingi kabla ugonjwa haujapata jina. Hatusemi hivi kwa kuhukumu mji wetu. Tunasema ili mjue kwamba ugonjwa unatembea na watu, na watu wanapita kwetu kila siku.

TAZAMENI GINSI MAMBO YANAVYOKWENDA

Tuseme kuna kijana wa miaka 16. Siku moja anakojoa na anasikia moto. Usaha unatoka. Anaogopa. Baba yuko safarini. Mama yuko, lakini mama akisikia neno kama hili anapiga kelele mpaka jirani wanatoka nje. Basi anamwambia rafiki yake. Rafiki anamwambia, “Kwenda pale karibu na gare, kuko mutu anauzisha dawa.” Ananunua vidonge vinne vya rangi mbili, bila kipimo, bila karatasi. Anakunywa viwili leo, viwili kesho. Moto unapungua. Anasema, “Minapona!”

Hakupona. Dawa kidogo imelaza ugonjwa tu. Na zaidi: kisonono cha siku hizi kimezoea dawa nyingi za zamani. Penisilini na tetrasiklini, zilizosaidia wazee wetu, hazikiwezi tena. Kila mtu anayekunywa nusu ya dawa anaufundisha ugonjwa kupigana na dawa.

Kisha kijana analala na msichana. Msichana hasikii kitu, au anasikia maumivu kidogo chini ya tumbo na anafikiri ni ya mwezi. Ugonjwa unapanda polepole ndani ya mishipa ya uzazi na kuiziba. Miaka inapita, anaolewa, anatafuta mimba, hapati. Wakwe wanaanza kusema. Kwetu mnajua uzito wa jambo hili: mwanamke bila mtoto anaitwa majina, anapelekwa kwa walaguzi, anarudishwa kwao. Wanatafuta mulozi katika familia. Hakuna mulozi. Jambo lilianza na vidonge vinne, na mtoto aliyemwogopa mama yake.

AKIKUAMBIA, UTAJIBU NAMNA GANI?

Mtoto anakuja jioni, unapika bukari. Anazungukazunguka. Mwishowe anasema, “Mama, niko nasikia uchungu wakati ya kukojoa.”

Mama wa kwanza anajibu, “Weye mutoto ya haya! Ulienda kwa nani? Ngoja baba yako arudie!” Mlango umefungwa. Mtoto huyu hatasema tena. Na wadogo zake wamesikia. Nao wamejifunza kunyamaza.

Mama wa pili moyo wake pia unaumia. Lakini anajibu, “Ulifanya muzuri kuniambia. Kesho asubuhi tutaenda ku hospitali, miye na weye.” Makaripio yana siku yake. Siku ya kwanza ni ya dawa.

Hospitalini hatutampigia mtoto kelele. Tutamuuliza maneno machache, pengine bila wewe kuwa ndani. Usikasirike, vijana wengine wanasema ukweli wakiwa peke yao na munganga. Kisonono, klamidia na kaswende vinapona kabisa, kama dawa ni ya kweli na inamalizika. Kaswende ikiwa bado changa, sindano moja ya penisilini yenye nguvu inatosha. SIDA haiponi bado, lakini dawa zake ziko: mtu anakunywa kila siku, anaishi miaka mingi, anasoma, anaoa. Virusi vikipungua hata kipimo hakivioni, havipiti tena kwa mwenzake wanapolala pamoja.

Lakini neno moja ni la lazima: aliyelala naye atibiwe pia. Ukimtibu mmoja na kumwacha mwingine, umefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

MASWALI MNAYOTUULIZA

“Nikimuambia mapema, si nitamufundisha tabia mubaya?”
Hapana, mama. Mambo haya anayasikia tayari, kwa rafiki, ku telefone, ku soko. Anayasikia kwa kupotoka. Afadhali ayasikie kwako, sawasawa. Anza kabla msichana hajaona mwezi wa kwanza na kabla mvulana hajageuka sauti. Usiseme yote siku moja. Sema kidogo wakati wa kuchambua sombe au kuchota maji.

“Kwetu mama haongei mambo hii na mutoto. Ni kazi ya nkambo ao shangazi.”
Ni desturi nzuri, tusiitupe. Lakini nkambo amebaki kijijini, na wewe unakaa mjini. Kama shangazi yuko, mwite, kaeni pamoja. Kama hayuko, kazi ni yako. Na mvulana pia afundishwe. Tusimfunge msichana kamba huku tukimwacha kaka yake kutembea usiku.

“Tumufundishe nini?”
Mfundishe kwamba kungoja mpaka ndoa ndiyo njia iliyo salama zaidi, na kwamba siku ya ndoa wote wawili wapimwe kwanza. Mfundishe kwamba anaweza kukataa, hata akiwa amepokea zawadi. Na tusifiche ukweli: kijana asiyengoja ajue kwamba kapoti, ikitumiwa vizuri kila mara, inazuia SIDA na mengi ya magonjwa haya, ijapokuwa haizuii kila kidonda. Mtoto anayekosea ni mtoto wako bado. Hatutaki afe kwa kosa lake.

“Tukijiosha na majani ao chumvi ndani, ugonjwa unatoka?”
Hautoki. Majani, chumvi na sabuni vinachubua ngozi ya ndani, na ugonjwa unapata njia rahisi zaidi. Mnawe kwa nje na maji safi, basi.

MTOTO AKILAZIMISHWA

Hili ni zito, wamama, lakini lazima tuliseme. Si kila mtoto mwenye ugonjwa huu amependa mwenyewe. Yuko mtu mzima anayempa franka, telefone, sabuni. Yuko anayeahidi pointi za masomo. Pengine ni ndugu wa nyumbani. Usianze kuuliza, “Ulivaa nini?” Mlete hospitalini ile saa ile, hata usiku, na asioge kwanza. Kuna dawa za kuzuia SIDA, lakini zinafaa zikianza kabla ya saa 72 kupita, na zikianza mapema ni bora zaidi. Kuna pia dawa za kuzuia magonjwa mengine, na mimba.

Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2006 inasema wazi: anayelala na mtoto wa chini ya miaka 18 amebaka, hata kama mtoto “alikubali.” Basi msimalize jambo hili chini ya mwembe kwa mbuzi wawili na bahasha. Mbuzi wataliwa juma moja. Mtoto atabeba jambo lile maisha yake yote.

KUMBUKENI

1. Ugonjwa unaweza kukaa bila alama, zaidi kwa wasichana. Kipimo ndicho kinasema.
2. Usinunue vidonge njiani. Dawa ya kweli inafuata kipimo, na inamalizika yote.
3. Aliyelala naye atibiwe pia.
4. Mvulana na msichana wafundishwe wote, mapema, na mtu anayewapenda.
5. Mtoto akikuambia, mshukuru kwanza.

Leo ukirudi nyumbani, huyo mkubwa atakuuliza hospitalini walisema nini. Usimjibu, “Mambo ya wamama.” Mpe kiti, umpe hii karatasi asome kwa sauti, na wewe uendelee kuchambua sombe. Mazungumzo yataanza yenyewe.

Sasa munganga anaanza kuita. Mungu awalinde ninyi pamoja na watoto wenu wote, wadogo na wakubwa.