Daftari Kando ya Chuma: Misingi ya Kujenga Misuli katika Jimu za Mtaani

Walimu wenzangu wa mazoezi,

Mwezi uliopita nilichukua chuma cha jimu moja ya uani, tukakipeleka na kijana mmoja kwenye duka la nafaka kukipima. Mnakijua chuma cha aina hiyo: bomba, na kila ncha kopo la rangi lililomiminwa zege. Vijana wanakiita “hamsini”. Mizani ilisoma kilo 41. Nilipokishika katikati kililalia kushoto, maana makopo yenyewe hayalingani. Kijana yule amekisukuma kwa kifua miaka miwili, mara nane kila seti, na njiani akaniuliza kwa nini kifua chake kimegoma. Swali lake ndilo mada yangu.

Msuli hunenepa unapodaiwa kazi inayozidi ile uliyoizoea. Seti inapokaribia mahali ambapo mkono hauwezi tena, nyuzi nyingi za msuli huitwa kazini, na baada ya hapo mwili hutengeneza protini mpya za kuziongeza unene. Mwili ukishauzoea mzigo, hauna sababu ya kuendelea kujenga. Kijana wetu alimaliza kukua zamani. Muda uliobaki amekuwa akitunza alichopata.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwatibu askari walioumia magoti katika hospitali ya kijeshi huko Chicago. Badala ya mazoezi mepesi ya kurudiarudia, aliwapa mizigo mizito na kuiongeza kadiri walivyopata nguvu. Alichapisha matokeo yake mwaka 1945. Baadaye, yeye na mwenzake Arthur Watkins walipendekeza seti 3 za marudio 10: ya kwanza kwa nusu ya mzigo, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa mzigo kamili. Zile “tatu za kumi” tunazowapa vijana zina asili hiyo. Lakini DeLorme alimpima upya kila mgonjwa kila wiki, na hilo sisi tumeliacha.

Mtaniuliza, zege tunaliongezaje? Kwanza tuongeze marudio. Utafiti umeonyesha kwamba hata mzigo mwepesi hukuza msuli ikiwa seti inasogezwa hadi karibu na kushindwa, kwa hiyo leo 8, wiki ijayo 9, twende hivyo hadi 20 na zaidi. Pili, chuma kishushwe polepole, kisidondoke. Tatu, tuongeze seti. Marudio yakishakuwa mengi mno, fungeni mfuko wa mchanga wa kilo moja kila upande. Kilo mbili zinatosha kabisa. Nimeona kijana akiruka kutoka 41 hadi 60 siku moja kwa sababu rafiki zake walikuwa wakimtazama, na bega lake halijapona mpaka leo. Hilo linaniuma, kwa sababu mwalimu alikuwepo.

Na yote haya hayawezekani bila daftari. Tarehe, zoezi, kilo, marudio. Daftari la kurasa 48 linamtosha mtu miezi mingi.

Kuhusu mapumziko sitasema mengi: kila msuli ufanyishwe kazi walau mara mbili kwa wiki, na mtu alale usiku. Chakula kinahitaji hesabu kidogo. Anayejenga misuli anafaidika na takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 96. Yai moja lina kama gramu 6. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na wanauzwa kila genge. Mwambieni kijana hivyo kabla hajatoa pesa kununua sindano ya homoni asiyojua imetoka wapi, inayoweza kumharibia moyo na uzazi.

Msiwafungie mlango wazee pia. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha habari za watu wenye umri wa miaka 90 hivi waliofanya mazoezi ya uzito wiki 8, na nguvu za miguu yao zikaongezeka zaidi ya maradufu.

Baada ya chai tutatoka uani. Nimeazima mizani ya duka, na rangi nyeupe ipo. Kila mmoja atapima chuma alichokuja nacho, aandike uzito wa kweli ubavuni mwa kopo.