Kisahani Kiendane na Mkono
Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Tononoka, Mombasa



Mmeniomba niseme juu ya vifaa vya michezo ambavyo mwataka kuwanunulia vijana. Nitasema kimoja tu: kisahani cha kurusha. Kwa nini hicho? Kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea, na pesa za watu zikapotea.

Tulichanga, kila mtu alichokuwa nacho. Nikatumwa mimi dukani. Nikajiambia, kama ni kununua, ninunue kile wanachorusha wanaume wa mashindano ya dunia. Nikarudi na kisahani cha kilo 2. Vijana wetu walikuwa wa miaka 14 na 15. Wiki ya kwanza wakashangilia. Wiki ya pili mmoja akaumia bega. Mwezi kwisha, uwanjani hakuna mtu, na kisahani kikawa cha kuzuilia mlango wa stoo. Yule kijana hakurudi tena. Hilo laniuma kuliko pesa.

Kosa lilikuwa nini? Kisahani hakiendi mbali kwa nguvu peke yake. Chaenda kwa sababu kinazunguka. Kidole cha shahada ndicho kinachokigusa mwisho, na ule mzunguko ndio unaokilaza sawasawa hewani. Mtoto akipewa kizito, anakisukuma kwa bega badala ya kukizungusha. Basi anajifunza vibaya, na anaumia.

Kwa hiyo tupande ngazi moja moja.

Kwanza, anayeanza. Mpeni kisahani cha mpira, cha kilo 1 au chini yake. Hakiharibiki upesi kikigonga chini, na mkono unakizoea.

Pili, aliyekwisha kujua kukizungusha. Huyu sasa apate cha mbao chenye pete ya chuma. Katika mashindano, wavulana wa chini ya miaka 18 hutumia kilo 1 na nusu. Wa chini ya 20, kilo 1 na robo tatu. Wanaume wazima, kilo 2. Wanawake hutumia kilo 1.

Tatu, tazameni uzito umekaa wapi. Visahani viwili vya kilo moja moja vyaweza kuruka tofauti. Kimoja uzito wake umekaa zaidi katikati, kingine ukingoni. Cha ukingoni kikishazunguka hakichoki upesi, lakini chataka mkono wa kasi wa kukianzisha. Mkono mchanga ukikirusha, chayumba na kuanguka karibu. Mwenye duka atakisifu sana. Nyinyi kiacheni kwanza.

Mtajuaje kuwa kijana yuko tayari kupanda? Mimi nafanya hivi: arushe mara 10 akiwa amesimama, bila kujizungusha mwili. Mara 7 au 8 kikienda bila kuyumba, apande. Kama bado, asubiri, hata akiwa na misuli ya kubeba magunia.

Wala jambo hili si la kisahani hiki tu. Marekani na Ulaya kuna mchezo wa diski gofu, ambao watu hurusha sahani ya plastiki mpaka iingie kwenye kikapu cha minyororo. Huko pia anayeanza huambiwa aanze na sahani ya polepole, yenye ukingo butu. Ile ya kasi, yenye ukingo mkali, kwa mkono dhaifu hupinda upande na kuanguka mapema. Wengi huinunua kwanza kwa sababu ya sifa, kama mimi!

Na msidhani kurusha si kazi ya Wakenya. Julius Yego alitwaa dhahabu ya dunia mjini Beijing mwaka 2015 kwa kurusha mkuki mita 92.72, naye alijifunza mengi kwa kutazama warushaji wengine kwenye intaneti. Mkuki nao una ngazi: wavulana wa chini ya miaka 18 gramu 700, wanaume gramu 800.

Mwisho, usalama. Viwanja vyetu vya mjini ni vya wote: wenye mpira, wapita njia, watoto. Asirushe mtu mpaka mbele pawe peupe na wenzake wote wawe nyuma yake. Na asikimbilie mtu kuokota kabla msimamizi hajaruhusu. Kisahani kikimpata mtu kichwani, chaweza kumuua.

Basi nendeni mkanunue viwili vya mpira kabla ya kimoja cha fahari. Vipimeni kwa mzani papo hapo dukani, viandikeni katika daftari la kikundi, na mchague mtu mmoja wa kuvitunza. Pesa ikibaki, iwekeni. Kijana akipanda ngazi, mtakuwa nayo ya kumnunulia kinachomfaa.

Sasa maswali. Tuanze na akina mama.