Bei ya Hewa Chafu na Haki ya Maskini

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani)



Ndugu wapendwa, nimeombwa niseme juu ya jambo linaloonekana kuwa la wataalamu wa uchumi peke yao, yaani kuitoza bei hewa ukaa ili ipungue. Naomba tulitazame kwa mwanga wa imani, tukifuata hatua zetu tatu: kuona, kupima na kutenda.

KUONA

Makaa ya mawe, mafuta na gesi vinapochomwa hutoa hewa ukaa. Hewa hiyo hujilimbikiza angani na kulizuia joto la dunia lisitoke. Anayechoma hupata faida, lakini hasara humwangukia mwingine. Ni kama mwenye kiwanda anayemwaga taka mtoni: bidhaa zake ni rahisi kwa sababu walio chini ya mto ndio wanaolipia dawa. Bara letu la Afrika hutoa takribani asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Hata hivyo mkulima wetu, asiyemiliki hata pikipiki, ndiye anayekosa mavuno mvua zinapovurugika.

Ili mchafuzi abebe gharama yake mwenyewe, mataifa yamejaribu njia kuu mbili.

Ya kwanza ni kodi. Serikali hupanga kiasi cha kulipa kwa kila tani ya hewa ukaa. Finland ilianza mwaka 1990, na Sweden mwaka 1991. Sweden iliipandisha kodi hiyo hatua kwa hatua. Hewa chafu ikapungua huku uchumi wake ukiendelea kukua. Kwa njia hii bei hujulikana mapema, ila haijulikani kwa hakika ni tani ngapi zitakazopungua.

Ya pili ni kikomo na vibali. Serikali huweka kikomo cha hewa chafu, kisha hutoa vibali vinavyolingana nacho, na viwanda huuziana. Umoja wa Ulaya ulianza hivyo mwaka 2005. Mwanzoni vibali vilikuwa vingi kupita kiasi, na karibu vyote vilitolewa bure. Kwa hiyo mwaka 2007 bei yake ilianguka hadi karibu na sifuri. Baada ya marekebisho, mwaka 2023 bei ilifikia euro 100 kwa tani. Tujifunze hapa kwamba kikomo kilicholegea hakimzuii mtu.

Barani kwetu, Afrika Kusini ilitangulia kuweka kodi ya namna hii mwaka 2019, kwa randi 120 kwa tani. Lakini viwanda vilipewa misamaha ya kati ya asilimia 60 na 95, hata kilichobaki kulipwa kikawa kidogo sana.

KUPIMA

Kanisa linasemaje? Katika waraka wa Centesimus Annus wa mwaka 1991, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba mazingira ni mali ya wote ambayo soko peke yake haliwezi kuilinda. Ni wajibu wa Serikali kuitetea. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alionya kwamba kuuziana hati za kaboni kwaweza kuwa ulanguzi mpya, na kisingizio cha matajiri kuendelea na anasa zao. Lakini mwezi Juni 2019, akizungumza na wakuu wa makampuni ya mafuta, alisema kwamba kuitoza bei hewa ukaa ni jambo la lazima.

Je, alijipinga? Hasha. Bei inayomlazimisha mchafuzi apunguze ni haki. Hati inayomruhusu aendelee kuchafua, kwa kuwa amelipia miti ya mtu mwingine, yaweza kuwa udanganyifu.

Tena, yafaa kuuliza ni nani anayebeba mzigo. Mwaka 2018 Serikali ya Ufaransa ilikusudia kuongeza kodi ya mafuta ya magari. Watu wa vijijini, wasio na usafiri mwingine, waliandamana, na nyongeza hiyo ikasimamishwa. Kinyume chake, jimbo la British Columbia nchini Canada, lilipoanza kodi yake mwaka 2008, lilizirudisha fedha kwa wananchi kwa kupunguza kodi nyingine na kuwapa ruzuku wenye kipato kidogo. Basi kodi inayopandisha nauli ya mama muuza mboga, bila kumrudishia chochote, haiwezi kuitwa ya haki hata kama lengo lake ni jema.

Kwa sababu hiyo, viongozi wa Afrika waliokutana Nairobi mwezi Septemba 2023 walitoa wito wa kodi ya dunia nzima itakayogusa biashara ya mafuta, meli na ndege. Naona wito huo ni wa haki, maana waanze kulipa wale waliochafua zaidi.

KUTENDA

Jambo hili limekwisha kufika vijijini mwetu kwa jina la biashara ya kaboni. Wageni huja na mikataba ya kulinda misitu kwa miaka mingi. Siyo yote mabaya. Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe na majirani zao wamelipwa kwa kuutunza msitu wao, na fedha zimesaidia matibabu, karo na walinzi wa vijiji. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2023 inadai kwamba miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, baada ya kuondoa gharama.

Lakini tumkumbuke Nabothi. Mfalme Ahabu alimpa bei nzuri, naye akakataa, kwa kuwa shamba lilikuwa urithi wa baba zake. Ardhi ina thamani isiyomalizwa na fedha. Kwa hiyo nawasihi, kabla mkutano wa kijiji haujaridhia mkataba wowote, usomwe hadharani kwa Kiswahili, wanawake na wafugaji wakiwapo, na apatikane mwanasheria asiyelipwa na mnunuzi.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Mkataba utadumu miaka mingapi, na wajukuu wetu watafungwa nao?
2. Kuni, malisho na dawa za miti shamba tutavipata wapi?
3. Nani anajua bei halisi inayolipwa, na hesabu zitasomwa lini?
4. Mnunuzi wa hati hizo anapunguza uchafuzi wake mwenyewe, au anatununua sisi ili aendelee?

Mwenyezi Mungu, aliyemweka binadamu katika bustani ailime na kuitunza, atujalie hekima ya kuitunza na ujasiri wa kudai haki. Amina.