Maradhi ya Akili na Fungu la Chama Chetu
(Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri ilinipa nafasi ya kusema mbele yenu juu ya jambo moja la afya, nami nikachagua jambo ambalo katika mikutano yetu hutajwa kwa kunong'onezana tu, nalo ni maradhi ya akili. Naomba mnivumilie, hasa ninyi Wazee, maana nitasema juu ya watu waliomo katika nyumba zetu wenyewe, ijapokuwa sitamtaja mtu wala mlango wake.

Katika hesabu mlizopewa leo mtaona kwamba fungu letu kubwa ni la maziko. Sanduku, gari, chakula cha waombolezaji, gharama ya kumfikisha marehemu nyumbani kwao: kwa hayo yote Chama hakijapata kumwacha mwanachama peke yake, nasi twajivunia jambo hilo kwa haki. Fungu la pili ni la wagonjwa. Lakini kanuni yetu yasema "mgonjwa aliyelazwa hospitali", na mwenye maradhi ya akili mara nyingi halazwi. Yu nyumbani, na pengine amefungiwa chumba cha nyuma. Kwa hiyo mama anayeuza kuku wake mmoja mmoja ili apate nauli ya kumpeleka mwanawe kuchomwa sindano kila mwezi hapati kwetu hata senti moja, na mwanawe akifa ndipo tutakapofika kwake na magari mawili. Hilo ndilo lililonisimamisha hapa.

Yafaa kwanza tujue jambo hili limetoka wapi. Mwaka 1910 Serikali ya kikoloni ilitwaa nyumba zilizokuwa za kuwatenga wagonjwa wa ndui huko Nairobi, ikazifanya mahali pa kuwaweka wenda wazimu. Mwaka 1924 pakaitwa Hospitali ya Mathari. Kwa miaka mingi hapakuwa na hospitali nyingine ya namna hiyo katika nchi nzima, na ndani yake wagonjwa walitengwa kwa rangi zao. Mtu wa mbali aliyeshikwa na maradhi hayo alisafirishwa siku nyingi, akawekwa kati ya watu wasioijua lugha yake, na jamaa zake wakamhesabu kuwa amekwisha potea. Si ajabu basi kwamba jina la mahali pa matibabu liligeuka kuwa tusi, na hata leo watoto hulitumia kutukanana njiani.

Mkubwa wa Mathari tangu 1938 hata 1950 alikuwa Daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni lilichapa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alisema tena kwamba ugonjwa wa huzuni nzito ni nadra sana kati yetu. Matusi hayo tungeweza kuyaacha yapite, kama tulivyoacha mengine mengi yapite. Lakini hilo la huzuni lilikuwa na madhara, kwa kuwa serikali haiajiri mtu wa kutafuta ugonjwa ambao imeambiwa haupo.

Jibu lilitoka Nigeria. Daktari Thomas Adeoye Lambo, mzaliwa wa Abeokuta, aliyesomea udaktari Birmingham, alirudi kwao akaanza kazi mwaka 1954 huko Aro, karibu na mji wake. Hospitali ilikuwa bado inajengwa na vitanda havikuwapo. Mtu mwingine angaliketi kungojea mafundi wamalize. Yeye aliwaendea wazee wa vijiji vya jirani akapatana nao ili wapokee wagonjwa katika nyumba zao kwa kodi. Kila mgonjwa alikuja na ndugu yake mmoja, mama au shangazi au kaka, wa kumpikia na kumwangalia. Asubuhi walikwenda hospitali kwa dawa na matibabu, na baadaye wakarudi kijijini, ambako wengine walilima, wengine wakaendelea na ufundi wao, na jioni wakaketi barazani pamoja na wenyeji. Waganga wa jadi hakuwafukuza. Aliwaita wakae karibu naye, kwa kuwa walijua mambo ya ukoo na mila ambayo yeye daktari hangeweza kuyapata kwa kuuliza maswali ofisini.

Wanachama wenzangu, liangalieni jambo hilo vizuri. Wanakijiji hawakuombwa huruma tu. Walipata kodi, na vijiji vyao vikapata usafi na maji bora kwa sababu ya hospitali. Mgonjwa naye hakupoteza lugha yake, wala chakula alichokizoea, wala ndugu yake. Miaka michache baadaye Daktari Lambo na wataalamu kutoka Marekani walizunguka vijijini wakichunguza hali za watu, na katika matokeo waliyoyachapa mwaka 1963 huzuni nzito ilionekana kati ya Wayoruba kama inavyoonekana kati ya watu wengine. Hapo maneno ya Carothers yalianguka.

Mwaka huo huo wa 1963, mwezi wa Oktoba, Rais Kennedy wa Marekani alitia sahihi sheria ya kutoa fedha za umma ili vijengwe vituo vya afya ya akili karibu na watu, na zile hospitali kubwa zilizojaa zipunguzwe. Nia ilikuwa njema kabisa. Hospitali zilipunguzwa kweli, ila vituo vilivyojengwa ni kama nusu tu ya vile 1,500 vilivyokusudiwa, na mwaka 1981 fedha za serikali kuu ziligeuzwa utaratibu zikapungua. Wagonjwa wengi wakaishia barabarani na gerezani. Nalitaja hilo kwa sababu watu husema "tuwarudishe wagonjwa kwa jamii", kana kwamba jamii ni godoro lililokwisha tandikwa.

Hapa Kenya vitengo vya maradhi ya akili vilianza kufunguliwa nje ya Nairobi katika miaka ya 1960. Baadaye wauguzi wengi wa zahanati walifundishwa kumtambua mgonjwa wa akili na mwenye kifafa na kuwapa dawa za mwanzo. Tangu 2013 kazi ya afya imekuwa mikononi mwa serikali za Kaunti 47. Mwaka 2022 sheria yetu ya afya ya akili, ile ya 1989, ilirekebishwa, na sasa Kaunti zina wajibu kwa sheria kutoa huduma hii hata katika jamii, wala si katika hospitali kubwa peke yake. Mwaka 2023 Serikali ilituma wahamasishaji wa afya wapatao 100,000, kila mmoja apewe nyumba kama mia moja za kuzitembelea, na posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi igawanywe kati ya Serikali Kuu na Kaunti. Na mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshitaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Wale kati yetu waliopata kumficha kijana hospitalini kwa jina la "ajali" wajua uzito wa uamuzi huo.

Karatasi basi tunazo. Lakini madaktari wa maradhi ya akili nchini hawafiki hata mmoja kwa kila watu laki moja, na wengi wao wako mijini. Na liko jambo dogo linaloharibu yote, nalo ni dawa kukosekana. Sindano ya mwezi ni dawa ya zamani na bei yake si kubwa. Anayeipata kwa wakati hulima, huchunga, hufanya kazi. Ikikosekana miezi miwili zahanatini, yule yule mtu anarudi kule alikotoka, watu wanasema "unaona, haponi", na mnyororo unatolewa darini. Vivyo hivyo mwenye kifafa: akikatiwa vidonge ghafula huweza kupatwa na degedege mfululizo hata afe. Kwa maoni yangu muuguzi mwenye kabati lililojaa ana faida kwetu kuliko jengo jipya lenye bamba la jina la mheshimiwa.

Nimetaja mnyororo. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za kufungwa minyororo kwa wagonjwa wa akili katika nchi zipatazo 60, na Kenya imo. Sisemi kwamba wanaofunga ni wakatili. Wengi ni wazazi waliochoka, wanaoogopa mwana asiende akazama mtoni au akapigwa mawe sokoni. Ila ni aibu yetu sote kwamba mzazi huyo hana mtu mwingine wa kumgeukia.

Najua wako Wazee watakaosema kwamba maradhi haya ni ya kulogwa, na wengine watasema ni mapepo na dawa yake ni maombi. Sitashindana na mtu. Katika Kaunti ya Makueni watafiti wa Kenya waliwaketisha pamoja wauguzi, waganga wa jadi na viongozi wa dini, ili kila mmoja ajue ni mgonjwa yupi ampeleke kwa mwenzake. Huo ni mwendo wa busara. Aombewe anayetaka kuombewa. Ninaloomba ni moja tu, asiambiwe atupe vidonge vyake ili aonyeshe imani.

Tena si kila mgonjwa anahitaji sindano. Huko Harare, Zimbabwe, tangu 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza kazi na akina nyanya kumi na wanne waliokuwa wahudumu wa afya katika mtaa wa Mbare. Hakuwa na nyumba wala wauguzi wa kumsaidia, basi benchi la mbao likawekwa nje ya zahanati, nyanya akaketi na mgonjwa, akamsikiliza, wakachagua pamoja shida moja ya kuanza nayo. Wenyeji wa huko husema mtu "amefikiri kupita kiasi", kama sisi tunavyosema "ana mawazo mengi". Jaribio lililohusu watu 573, lililochapwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba walioketi na akina nyanya hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na kazi hiyo imefika hata Zanzibar. Nyanya katika Chama hiki si haba, na nimeona kwamba ndio wanaosikilizwa na vijana wetu hata pale ambapo baba zao hawasikilizwi.

Sasa naomba mambo matatu. La kwanza, kanuni ya fungu la wagonjwa ibadilishwe, maneno "aliyelazwa hospitali" yafutwe, na nauli ya mgonjwa wa akili au wa kifafa pamoja na ndugu anayemsindikiza ilipwe kila mwezi kwa kadi ya kliniki. Mwekahazina amekwisha niambia kwamba fungu la maziko laweza kupunguzwa kidogo upande wa chakula, nami naona waombolezaji wakila mara moja badala ya mara mbili marehemu hatachukizwa.

La pili, tumwandikie ofisa wa afya wa Kaunti atupe siku moja ya mwezi ya kliniki ya akili katika zahanati iliyo karibu nasi, na ya tatu ni kuchagua wanachama wawili wa kufuata makisio ya fedha. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa hawajui tarehe. Mpango wa maendeleo wa Kaunti hupelekwa Bungeni kwake kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa matumizi hupelekwa kufikia 28 Februari. Makisio yenyewe kufikia 30 Aprili. Wananchi huitwa kutoa maoni, na mara nyingi watu wa barabara na wa soko ndio wanaofika. Dawa ya akili ikikosa msemaji Februari, kulalamika Julai hakuna faida.

Hoja yenyewe nimeiandika, na karatasi yake iko mbele ya Bwana Mwenyekiti. Kwa kanuni zetu yataka wanachama wawili wa kuiunga mkono kabla haijapigiwa kura, na ningependa mmoja wao awe kati ya Wazee walioketi mstari wa mbele.