Safari ya Makka na Homa ya Uti wa Mgongo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme machache juu ya homa ya uti wa mgongo, kwa kuwa miongoni mwetu wako wajiwekeao akiba ya mshahara kwa ajili ya Hija au Umra, na wengine huwachukua wazee wao.

Homa hii huletwa na kijidudu kikaacho kooni. Hupita kwa mate na pumzi, watu walalapo chumba kimoja au wasongamanapo. Ajabu yake, wengi wakichukuao hawaugui kamwe. Lakini aliyeugua shingo humkakamaa, kichwa humwuma mno, hutapika, huukimbia mwanga, na aweza kufa kwa siku moja au mbili. Hata wakitibiwa, katika kila wagonjwa kumi yapata mmoja hufa, na baadhi ya waponao hubaki viziwi.

Mwaka 1987 maradhi haya yalizuka Makka wakati wa Hija. Mahaji wakarudi makwao, na aina ile ile ikaonekana baadaye Chad, Sudan na Ethiopia, hata mwaka 1989 ikafika Nairobi. Serikali ya Saudia ikaamuru mahaji wachanjwe. Mwaka 2000 yakazuka tena kwa aina iitwayo W135, ambayo chanjo waliyokuwa nayo mahaji wengi haikuizuia. Watu wapatao 400 waliugua katika nchi mbalimbali, na miongoni mwao walikuwamo wasioiona Makka kwa macho yao: waliambukizwa nyumbani na jamaa waliorudi wazima.

Ndiyo sababu sasa hutakiwa chanjo ya aina nne, yaani A, C, W na Y, nayo ichomwe siku zisizopungua 10 kabla ya kufika Saudia. Cheti cha chanjo ya namna ya kale hukubaliwa kwa miaka 3, na cha namna mpya kwa miaka 5.

Sisi makarani twauheshimu sana muhuri, pengine kupita kiasi. Tumewasikia watu wakiulizana bei ya cheti pasipo sindano. Muhuri huo utampitisha mtu mbele ya afisa, lakini hauingii katika damu. Katika Aprili na Mei 2024 wagonjwa 12 walipatikana Marekani, Uingereza na Ufaransa: 10 walikuwa wametoka Saudia, na 2 ni watu wa nyumbani mwa wasafiri. Wale 9 ambao habari za chanjo yao zilijulikana, hata mmoja hakuwa amechanjwa. Twawafikiri zaidi wale wawili, ambao hawakusafiri wala hawakununua cheti.

Basi mwenye safari aombe ruhusa ya nusu siku mapema, asingoje juma la mwisho, naye mzee wake afuatane naye kuchanjwa. Na akirudi, mtu ye yote wa nyumba yake akishikwa na homa pamoja na shingo kukakamaa, apelekwe hospitali saa ile ile, ijapokuwa ni usiku, na mganga aambiwe kwamba yuko aliyetoka Makka.