Nyasi Kwanza, Ng'ombe Baadaye
(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeagizwa niseme machache juu ya malisho ya ng'ombe wetu wa nyama.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilisema kwamba ng'ombe wa Ukambani wamezidi, ikawachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei duni. Watu walikwenda Nairobi kudai mali yao, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akahamishiwa Lamu. Tangu hapo, mtu akitaja kupunguza ng'ombe, wazee hukunja uso, nao wana haki. Lakini dhuluma ile haikuondoa ukweli huu: nyasi zisizopumzika hufa. Jani likiliwa kila linapochipuka, mzizi hudhoofika, udongo hubaki wazi, na mvua huuchukua.

Dawa yake si ngeni. Wamaasai hutenga olopololi karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu wakati wa kiangazi. Nasi yatupasa tugawanye malisho mafungu: moja liliwe, mengine yapumzike, na kundi liondolewe kabla nusu ya majani haijaliwa.

Tufanye hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 hula kadiri ya kilo 6 za majani makavu kwa siku. Kwa siku 90 za kiangazi ni kilo 540. Ng'ombe kumi, kilo 5,400. Ni nani kati yetu aliye na akiba hiyo ghalani? Nayo majani hukatwa yanapoanza kuchanua. Yakichelewa hubaki mabua yasiyo na nguvu.

Ndugu zangu, sisi wenye mishahara hununua fahali na kumpeleka nyumbani, lakini hatupeleki nyasi. Mzee hubaki na kundi kubwa juu ya uwanja ule ule. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini Kenya. Aliyeuza mapema alipata fedha; aliyengoja alipata ngozi.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo matatu: fungu moja la malisho lifungwe kila msimu wa mvua, kila anunuaye ng'ombe aweke na akiba ya majani, na madume yaliyokomaa yauzwe kabla ya kiangazi, yangali na mwili. Wenye ng'ombe wasipoamua wenyewe, ukame utawaamulia.

Akiba haiozi.