Kuufufua Mradi Uliokwama



Misikiti yetu mingi haikosi jengo la madrasa lililosimama kwenye linta, nondo zake zikishika kutu, na kila Ijumaa mchango unatangazwa upya. Leo nakusudia kuwaelezeni kazi kubwa kuliko zetu zote ambayo nayo ilikwama, kisha ikainuliwa: mfereji wa Panama, unaounganisha bahari za Atlantiki na Pasifiki.

Wafaransa walianza kuuchimba mwaka 1881, wakiongozwa na Ferdinand de Lesseps, mtu aliyekwisha kupata sifa kwa mfereji wa Suez. Lakini Suez ni jangwa tambarare, na Panama ni milima, misitu na mvua. Yeye alishikilia kwa muda mrefu kwamba mfereji huu nao uchimbwe hadi usawa wa bahari, kama ule wa kwanza. Kingo zikaporomoka, homa ya manjano na malaria zikaua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 20,000, na mwaka 1889 kampuni ikafilisika, ikazamisha akiba za maelfu ya Wafaransa wa kawaida.

Marekani ikaichukua kazi mwaka 1904. Wakubwa kule Washington walitaka kuona machimbo yakienda mbio, basi yakaenda mbio, huku homa ikiua na wafanyakazi wakikimbia. Mhandisi mkuu wa kwanza alijiuzulu baada ya mwaka mmoja tu.

Julai 1905 akaja John Stevens, na muda si muda akaamuru uchimbaji usimame. Fikirini ugumu wa amri hiyo! Kisha akampa Dk. William Gorgas watu na vifaa vya kupigana na mbu, ingawa baadhi ya wakubwa walikuwa wametaka daktari huyo aondolewe, kwani hawakuamini kuwa mbu ndiye aletaye homa. Nyumba zikafukizwa, madimbwi yakamwagiwa mafuta, maji ya bomba yakaletwa. Na kabla ya mwaka kwisha, homa ya manjano ilikuwa imekoma katika mji wa Panama. Stevens akajenga upya reli, maana aliona kuwa shida haikuwa kuuchimba udongo bali kuuondoa. Mwaka 1906 akawashawishi watawala waiache ile ndoto ya usawa wa bahari: mto Chagres uzuiwe ufanye ziwa, na meli zipandishwe humo kwa milango ya maji. Mwaka uliofuata aliondoka, George Goethals akashika kazi, na mfereji ukafunguliwa tarehe 15 Agosti 1914.

Sasa ni nani katika kamati zetu awezaye kusimama mbele ya jamaa na kusema, ujenzi usimame kwanza? Twaona haya. Twaongeza matofali juu ya msingi usiochunguzwa, na ramani yenyewe mara nyingi imenakiliwa kutoka msikiti wa mjini wenye waumini mara kumi yetu.

Nawaombeni basi, kabla mchango wa Ijumaa ijayo haujatangazwa, daftari la mapato na matumizi lisomwe hadharani, na aitwe fundi asiyehusika na jengo lile autazame msingi.